Wimbo wa Wakata Miwa

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, miaka ya tisini, nikipanda ngazi za jengo letu la Etobicoke, huku ughaibuni, mbili mbili kwa sababu lifti ilichelewa na moyo wangu haukuweza kungoja. Mkononi nilishika insha yangu juu ya mashamba ya miwa ya wakoloni. Kesho yake ningeisoma ukumbini, mbele ya Waswahili wote wa mtaani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanangu, na muwa nilioujua ni wa kutafuna tu.

Nilikuwa nakwenda kwa Mzee Shabani, aliyekaa na binti yake ghorofa ya tisa. Ujanani alikata miwa Tanganyika, kwenye shamba la Mwingereza. Sikwenda kumuuliza kitu, nilitaka anisifu. Nikamsomea kwa mbwembwe pale nilipoandika kwamba wakata miwa waliimba kutwa kwa kuridhika na kazi. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mjukuu wangu, hayo nani kakwambia?"

Nikasema ni meneja mmoja wa shamba, kwenye kitabu chake.

"Kinyamwezi alikijua?"

Basi akaniimbia kwa Kinyamwezi, akipiga goti kwa kiganja, kisha akanifasiria. Ubeti wa kwanza ulimtukana mnyapara, msimamizi wao, na tumbo lake. Wa pili ulitangaza anakuja kwa njia ipi. Akanieleza jinsi kaka yake alivyojikata mguu kwa panga. Asiyemaliza sehemu yake alichapwa, kwa hiyo wenzake wakamficha katikati ya miwa, wakamkatia sehemu yake. Kila mnyapara alipokaribia, sauti zilipanda. Meneja, huko barazani kwake, alisikia furaha.

"Ukiyasoma hayo kesho," akasema, "wajukuu zangu watajua tulikuwa tunafurahi."

Aibu ilinichoma, lakini mwili wote ulinisisimka! Nikachana ukurasa, nikakaa palepale kwenye zulia, nikaandika upya huku nikimkatiza kwa maswali.

Ukumbini, nilipomaliza kisa cha mguu wa kaka yake na kufika kwenye wimbo, mzee alisimama akauimba mwenyewe. Wajukuu zake, ambao siku zote walimjibu kwa Kiingereza, walimzunguka. Mdogo wao akamuuliza kwa Kiswahili cha kukwamakwama, "Babu, mguu ulipona?"

"Ulipona. Alicheza nao harusini kwangu."

Mwanangu, vipende vitabu kama nilivyovipenda. Lakini aliyekuwepo akiwa hai, mwendee kabla hujaandika, na umwendee kuuliza, si kusifiwa. Mungu akujalie masikio yenye subira, akuweke hai mpaka nawe upate wa kukuuliza.