Mgombea Mwenye Kasi Ishirini

Dada yangu hajawahi kupenda mpira, na mpaka leo akiulizwa tofauti ya kona na faulo hujibu kwamba zote mbili huleta kelele. Hata hivyo ana chumba cha gemu nyuma ya uwanja wa Kinoru, ambapo vijana hulipa kucheza mpira kwenye televisheni wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Kabla ya hapo alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilipofungwa alinunua mashine mbili za gemu zilizokwisha kutumika, moja nyeusi na moja nyeupe, za kampuni mbili zinazoshindana. Muuzaji ndizo alizokuwa nazo, na dada hakujua kwamba alikuwa akinunua pia ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni rahisi kuueleza. Wa mashine nyeusi huwaona wa nyeupe kama watu waliopotea njia, na wa nyeupe huwaona wa nyeusi kama watu wanaofuata umati. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kutwa upande wa Kaaga, na Jumamosi nilikuwa nikienda kumsaidia dada, kwa hiyo nilipata muda mwingi wa kuwasikiliza. Kwa maoni yangu tofauti kubwa ilikuwa pedi, kile kidude chenye vifungo ambacho mchezaji hushika kwa mikono miwili. Ya mashine moja ilikuwa nyembamba, ya nyingine nene. Mtu huipenda ile aliyojifunzia, halafu huenda kutafuta sababu. Sikuwaambia hivyo, kwa sababu hoja zao zilikuwa nzuri, na mtu anayejifunza kutoa hoja hafai kukatizwa mapema.

Dada alikuwa na sheria mbili. Hakuna kutafuna miraa ndani, kwa kuwa majani huingia kwenye vifungo. Na hakuna siasa.

Aliyeitikisa sheria ya pili ni msichana wa Embu aliyekuwa akisomea uuguzi mjini. Alikuja kila Jumamosi na alicheza vizuri kuliko wengi. Siku moja, kabla ya mechi, alikuwa akichagua uwanja kwenye skrini, akapitisha majina yote mpaka mwisho, akaiweka pedi chini.

"Mathe," akamwambia dada, kwani ndivyo vijana wa mjini humwita mama, "unasema siasa isiingie hapa. Hii gemu iko na viwanja vya Ulaya mpaka vile vidogo. Cha Kinoru kiko hapo nje, naweza kukipiga na jiwe. Kwenye gemu hakiko. Hiyo si siasa?"

"Waliona nyasi zake," akasema fundi mmoja wa pikipiki, kijana ambaye gereji yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu.

"Wewe cheka tu."

"Hiyo ni biashara, dadangu. Gemu ni ya kujifurahisha. Siasa tunayo ya kutosha nyumbani."

"Na biashara nani huamua?"

Wakanigeukia. Niliwaeleza kwamba kwa kawaida kampuni hulipa ili itumie sura ya uwanja au jina la mchezaji, na hulipia kile inachotarajia kuuza. Kwa hiyo fundi alikuwa na haki, ni biashara. Lakini mtu akiketi kuamua ni nani aonekane na nani asionekane, basi msichana naye alikuwa na haki. Hawakupenda jibu hilo, maana halikumpa yeyote ushindi.

"Kama hawatuweki," fundi akasema, "tujiweke."

Mchezo ule una sehemu ya kutengeneza wachezaji. Unachagua urefu, rangi ya ngozi, nywele na viatu, kisha unampa mchezaji wako namba: kasi, pasi, shuti, nguvu na kadhalika, kila moja kutoka sifuri mpaka mia. Mashine inazichanganya na kutoa namba moja kubwa, ambayo ndiyo kila mtu huitazama. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka kwenye mlango wa choo chetu. Baada ya wiki moja wagombea wote sita wa wadi walikuwa uwanjani, wamevaa bukta.

Dada alilalamika siku ya kwanza. Siku ya pili chumba kilijaa mpaka watu wakasimama, naye akanyamaza. Aliagiza tu kwamba wagombea wote wapewe hamsini kwa kila kitu, ili pasiwe na upendeleo. Lilikuwa kosa. Sijawahi kuona usawa ukiwaudhi watu wengi hivyo kwa mara moja. Hakuna aliyetaka mtu wake alingane na yule mwingine, hata wale waliomsema vibaya mtu wao wakiwa peke yao.

Kwa hiyo wakakubaliana hivi: namba zitabadilishwa Jumamosi tu, mbele ya wote, kwa kuinua mikono. Pedi itashikwa na msichana wa Embu, kwa sababu kura yake ilikuwa kwao na hapa hakuwa na mgombea.

Kasi ya mgombea mmoja, mwanasiasa aliyewahi kukalia kiti hicho, ilitoka hamsini hadi ishirini siku hiyo hiyo. Fundi ndiye aliyependekeza, ingawa nguvu alipandishiwa, na wengine nao wakabadilishiwa zao.

"Lami ya kwetu aliiahidi nikiwa darasa la saba," alisema. "Saa hii niko na mtoto."

Mikono ikainuka. Mtu akapiga picha ya skrini, na jioni picha ikawa katika kundi la simu la wadi. Mwenye jengo letu alikuwa katika kundi hilo. Alikuwa pia mwenyekiti wa kampeni ya mgombea yule.

Alikuwa mzee wa Kibirichia, mkulima wa viazi, aliyejenga hapa mjini kidogo kidogo. Mkataba wa chumba ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na tulikuwa tumesikia kwamba kampeni ilikuwa ikitafuta ofisi. Dada hakuwa na mahali pengine. Vyumba vyote karibu na uwanja vilikuwa vimeshikwa, na mbali na uwanja hakuna anayekuja kucheza.

Mzee alikuja Jumatano mchana. Ilikuwa likizo ya Aprili, nami nilikuwepo. Alitusalimia kwa Kimeru, kisha akaendelea kwa Kiswahili, kama wazee wengi wafanyavyo jambo likihusu mashine.

"Mwalimu, nionyeshe mtu wetu."

Nilimwonyesha. Akavaa miwani.

"Hii hamsini na moja ni miaka?"

"Hapana, Mzee. Ni uwezo wake wote ukichanganywa."

"Na yule mwingine?"

Nilijua yupi alimaanisha: mpinzani wao mkubwa. "Hamsini na nane."

Akaisogelea skrini. Mimi, kwa mazoea yangu, nikaanza kumweleza. Namba kubwa hutegemea mchezaji amewekwa wapi. Mtu wake alikuwa amewekwa mbele, ambako kasi huhesabiwa sana. Akirudishwa nyuma acheze beki, ingepanda yenyewe bila kuguswa kitu, kwa kuwa nguvu alikuwa nazo.

"Mtu wetu awe beki?"

"Ni nafasi muhimu, Mzee."

"Kura hutafutwa mbele, Mwalimu. Umewahi kuona bango la beki?"

Nilikubali kwamba sijaona. Akavua miwani na kumgeukia dada.

"Mama, mwezi unaisha. Kuna watu wanakitaka hiki chumba. Sijawaambia ndiyo, sijawaambia la. Mimi nataka mtu wetu awe themanini."

Alipotoka nilimwambia dada tubadilishe pale pale. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Jumamosi tungesema mashine imejiharibu.

"Watajua," akasema.

"Watajuaje?"

"Hawa wanajua hizo namba kuliko namba za simu za mama zao. Wakijua nimeuza moja, watauliza nimeuza ngapi. Nitabaki na chumba, halafu nimfungulie nani?"

Huwa nawataka wanafunzi wangu waandike hatua zote za hesabu, pamoja na ile waliyokosea, ndiyo maana ninaiandika hii. Dada alimpigia mzee simu na kumwambia kwamba kama anataka namba, aje Jumamosi azitafute kama wengine.

Alikuja amevaa koti. Akapewa kiti cha mbele. Vijana walikuwa kimya kwa heshima, lakini heshima hiyo haikudumu.

"Kasi," msichana akasoma. "Ishirini."

"Themanini," mzee akasema.

"Mzee, na lami?" fundi akauliza.

"Lami ni ya kaunti. Yeye alikuwa wa wadi."

"Alipoahidi hakusema ni ya kaunti."

"Sabini."

"Ishirini na tano. Hiyo tano ni kwa sababu alikuja mazishi ya nyanyangu."

"Alifika saa ngapi?"

Fundi akafikiri. "Mapema. Tulimkuta."

"Aliwatangulia nyinyi wenye maiti," mzee akasema. "Sasa mtu wa kasi ishirini na tano ndiye huyo?"

Chumba kizima kilicheka, fundi mwenyewe akiwemo. Mtu akataja arobaini. Mzee akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama hapo akitazama barabara. Hivyo ndivyo madalali wa viazi hujadiliana bei huko kwao: anayeondoka hajaondoka. Hakuna aliyemwita. Akarudi na kuketi.

"Arobaini na tano."

Mikono ikainuka.

"Pasi," msichana akasoma. "Hamsini."

"Pasi ni nini?"

"Ni kumpa mwenzako mpira, Mzee," nikamweleza.

"Basari za karo aligawa."

"Aligawa kwao," sauti ikasema kutoka nyuma. Pasi ikabaki hamsini. Kwenye nguvu hakukuwa na ubishi, maana mgombea alikuwa mtu mkubwa na kila mtu alimjua. Shuti ikapanda kidogo kwa sababu ya kisima kimoja ambacho hata fundi alikiri kina maji.

Mwishowe msichana akabonyeza, na namba kubwa ikatoka: sitini. Mzee akamwomba aisome tena.

"Si themanini," dada akasema.

"Si themanini," mzee akakubali. "Lakini yule ni hamsini na nane." Akaaga kila mtu kwa mkono, akasema ataleta karatasi ya mkataba mwezi ukiisha.

Nilidhani mambo yamekwisha. Jumamosi iliyofuata wakaja watu wa yule mwingine, wanaume wawili na faili la picha za zahanati. Wakapata sitini na mbili. Wiki iliyofuata wakaja wa mgombea wa tatu, na wa nne, na wale wa zahanati wakarudi kulinda yao. Walikuwa watu wazima wenye adabu na walijua kusema. Saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni haikuchezwa hata mechi moja. Vijana walisimama nje kidogo, kisha wakaenda zao.

"Mathe," fundi akasema, "nimelipa nusu saa, nimesikiza zahanati."

Msichana wa Embu akaongeza, kwa upole, kwamba yeye huja hapa kupumzika baada ya vitabu, na sasa kumekuwa kama darasani.

Dada akaomba pedi. Sikuwa nimewahi kumwona akiishika isipokuwa kuipangusa vumbi. Akauliza kifungo cha kufuta ni kipi, msichana akamwonyesha. Akawafuta mmoja mmoja, wa kwanza kwenye orodha mpaka wa sita, na kila mara mashine ilipouliza kama ana hakika alibonyeza ndiyo.

"Lakini sisi tulikuwa sitini na mbili," akasema mmoja wa wale wa faili.

"Chukua hiyo sitini na mbili uiandike kwa bango," dada akamwambia. "Mimi nina wateja."

Usiku ule nilihesabu siku za mkataba. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kama mzee angekasirika, mashine zingeondoka pale, na sikujua zingeenda wapi.

Alikuja siku ya mwisho ya mwezi, karatasi ikiwa imekunjwa katika mfuko wa koti. Hakuketi.

"Nasikia mmemfuta."

"Nimemfuta, Mzee," dada akasema.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekuja. Ukija wewe, wanakuja na wale. Vijana hawachezi."

Mzee akakitazama chumba. Vijana wanne walikuwa wakicheza, wawili kwa kila mashine, na hakuna aliyegeuka.

"Umefuta wote?"

"Wote."

"Na yule wa zahanati?"

"Huyo alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nilianza na yeye."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona inaweza kuvumilika. Akaikunjua karatasi, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa wazi, akaniomba kalamu. Dada alikuwa ameomba miaka miwili. Mzee akaandika mmoja, akatia sahihi, akampa.