Jina Alilolilia Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa analia mpaka anakata pumzi. Siyo kilio cha njaa, hicho nakijua, nimelea sita. Huyu macho yalikuwa yanamtoka, midomo inageuka zambarau, halafu kimya. Katika kimya hicho mimi nilikuwa nakufa. Kisha pumzi inarudi, anaanza upya. Tulikaa ghorofa ya juu barabara ya Dixon, huku ugenini, jirani na uwanja wa ndege, ndege zinapita karibu na paa siku nzima, na kilio chake kilikuwa kinazishinda.

Hospitali tulikwenda mpaka wa mapokezi wakatuzoea. Walimpima damu, walimpima kichwa, wakasema hana kitu, ataacha mwenyewe. Mimi shule yangu iliishia darasa la pili, lakini mtoto anayepungua namjua kwa kumbeba. Huyu alikuwa anapungua.

Nikamwambia binti yangu, "Mtoto analilia jina."

"Mama, usianze."

"Sijaanza mimi. Kaanza yeye."

Kwetu Lushoto, mtoto akilia bila ugonjwa, yuko marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Unampakata mtoto, unataja wazee waliotangulia, mmoja mmoja. Akinyamaza, umempata mwenye jina. Mkichelewa, mzee anakasirika anaondoka, na haondoki peke yake. Mdogo wangu wa mwisho aliondoka hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimempakata.

Basi nikataja. Wa kwetu wote, wa marehemu mume wangu wote. Nikamtaja hata shangazi mmoja aliyekuwa mchawi, Mungu anisamehe. Kilio kile kile. Ikabaki upande wa baba, na hapo hofu ikanishika kiunoni.

Mkwe wangu ni mweusi wa huku huku. Wazee wake walivuka mpaka kutoka Amerika kuja huku kaskazini, na huko walikuwa watumwa. Nilimwuliza wazee wake akanitajia baba, babu, na baba wa babu. Mtoto analia. "Na aliyemzaa huyo?" Akainua mabega. Sijapata kuona mtu mzima ukoo wake umekatika kama mkia wa mjusi.

Ni mkwe mwema, sisemi. Kiswahili chake chote ni neno moja, shikamoo, na alikuwa analimwaga kama chumvi. Ananiamkia mimi, anamwamkia mkewe, anamwamkia mpaka mtoto. "Shikamoo, mtoto!" Binti yangu anacheka. Mimi nilikuwa sicheki. Salamu ile inapanda, haishuki, na wako wanaosema zamani watumwa ndio waliowapa mabwana zao.

Mambo ya kulilia jina hakuyaamini. Lakini alimwona mwanawe akigeuka zambarau, na mwenye hofu haulizi dawa imechimbwa wapi. Akaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni akaanza kumtafuta babu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega. Nilikaa. Nilijifunika kanga mpaka puani, mtoto mapajani, nikakaa.

Kwanza alipata cheti cha kifo cha yule baba wa babu. Kwenye vyeti vile huandika na wazazi wa marehemu. Mama: hajulikani. Baba: hapo palikuwa na jina, na wilaya moja ya jimbo la Virginia, huko Amerika. Kisha akaingia kwenye sensa. Amerika walikuwa wanahesabu watu kila miaka kumi, nyumba kwa nyumba, na makaratasi yale wameyatunza.

Siku moja mchana akaruka kwenye kiti, kwa Kiingereza chake: "Mama! Nimempata!"

Halafu nikaona uso wake unazimika. Binti yangu akaja akasoma.

"Semeni basi!"

"Ni Mzungu, mama. Ndiye mwenye shamba la watumwa."

Hiyo ilikuwa hesabu ya kabla ya vita vyao vya utumwa. Kwenye karatasi nyingine waliandikwa watumwa wake, bila majina. Mwanamume, mweusi, miaka minane. Mwanamke, mweusi, thelathini. Kama mbuzi mnadani. Wakafungua hesabu ya baada ya vita, na jina lile wakalikuta mara mbili, wilaya ile ile. Mmoja Mzungu, mmoja mweusi. Mtumwa alikuwa anaitwa jina la bwana wake, lote, mwanzo hadi mwisho.

Nikamkumbatia mtoto. Nikiita, anakuja nani? Nitamkaribisha mwenye shamba ndani ya kifua cha mjukuu wangu?

Mkwe wangu akasema, binti yangu akinitafsiria, "Jina ni jina tu."

"Jina tu! Mwambie asimame njiani aite 'fundi', aone watageuka wangapi."

Mtoto akakata pumzi tena. Tulimpuliza usoni wote watatu. Iliporudi nikamwambia binti yangu, "Niambie hao watu wanatofautiana nini hapo."

"Rangi. Umri. Huyu mkulima, huyu kibarua wa shamba." Akaweka kidole kwenye kioo. "Na huyu mweusi kawekewa alama mbili."

"Za nini?"

Hakutaka kuniangalia. "Hajui kusoma. Hajui kuandika."

Hapo nikamwona yule mtu. Nilimwona kama ninavyojiona benki, nimegeuza karatasi juu chini, namsubiri mtu mwenye sura ya huruma anijazie. Bwana wake asingewekewa alama zile; mtumwa ndiye aliyekuwa anachapwa akikutwa na kitabu.

Nikachukua maji kiganjani, nikampaka mtoto utosini. "Nakuita wewe usiyejua kusoma. Mwenye shamba akae huko huko aliko. Wewe, uliye kama mimi. Njoo." Nikataja jina.

Mtoto akanyamaza. Pumzi haikuja. Nikasema basi, nimemwua kwa mdomo wangu. Nilimtikisa, binti yangu akapiga kelele, na mtoto akapiga chafya. Akatuangalia mmoja mmoja kama mgeni aliyefika. Akalala mpaka maziwa ya mama yake yakalowesha gauni.

Binti yangu mpaka leo anasema ni kwa sababu yeye mwenyewe aliacha kunywa chai ya maziwa wiki ile, iliyokuwa inamwumiza mtoto tumbo akinyonya. Aseme.

Baba yake aliinama akamwambia, "Shikamoo, babu." Safari hii alikuwa sawa, hakuna aliyecheka. Nikamwitikia mtoto, "Marahaba," ingawa sikuwa na hakika naitikia kwa niaba ya nani.

Sikuwa na hakika kwa miaka. Mtoto alinenepa, akawa mzuri, majirani walikuwa wanasimama kwenye lifti kumtazama. Lakini akimnyang'anya mwenzake mpira, akisema "leta!" kwa ile sauti ya amri, nilikuwa naacha ninachofanya namtazama. Ni yupi huyu?

Kisha shule ikatuita. Mwalimu akasema wenzake wote wanasoma, yeye herufi zinamkimbia. Binti yangu alilia kwenye gari. Mimi kiti cha nyuma nikasema kimoyomoyo, alhamdulillahi. Ni yeye. Mwenye shamba alikuwa anasoma.

Hatujafika nyumbani, hofu ya pili ikaingia kubwa kuliko ya kwanza. Nilimwitaje yule mzee? Nilimwita kwa alama zake. Wewe usiyejua kusoma, njoo. Akaja nazo.

Sikumwambia mtu. Ila tangu siku ile, mjukuu wangu akitoka shule, tunakaa kitandani kwangu na kitabu chake. Huniambia kwa Kiingereza, "Bibi, wewe mwenyewe hujui hata hiki." Kweli, sijui. Namwambia kwa Kiswahili, "Babu, soma. Huku hakuna wa kukuchapa." Ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Halafu anaweka kidole chini ya neno, anavuta pumzi, na mimi nazuia yangu mpaka neno litoke.