Kompyuta Aliyoichagua Bartolomayo

Anastazia, mtoto wa dada yangu, anachora nembo za maduka na makanisa nyumbani kwake Ipagala. Wateja wa ng'ambo humlipa kwa bitkoini, zile sarafu za mtandaoni, na pochi yake, yaani faili lenye funguo za sarafu hizo, aliihifadhi ndani ya kompyuta ya mezani, pale sebuleni. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mambo haya nayajua kuliko wengi wenye tai.

Mumewe alipozidiwa na ugonjwa, shemeji yake Bartolomayo, ndugu wa mume huyo, mwenye gari, alikataa kumpeleka hospitali. Ati viti vitachafuka. Mume akafa. Bartolomayo akaja msibani analia kumshinda mjane, jicho moja liko kwenye kompyuta.

"Mjomba, huyu anaitaka, anajua bitkoini zimo," Anastazia aliniambia jikoni.

"Mwache aichukue," nikasema. Ndiyo, ni mimi niliyesema!

Kabla ya kuondoa matanga, Anastazia akaisimba diski yote. Yaani kila kilichomo kikavurugwa, na bila nenosiri huoni kitu ila takataka. Pochi alikwisha kuinakili kwenye flashi, nayo akaisimba, akanipa niifiche kwangu Mlali. Nenosiri hakuniambia, mtoto hana adabu yule. Kisha akaizima kompyuta kabisa, maana ikiachwa inawaka ni sawa na mlango ulio wazi.

Siku ya mgao wa urithi, wazee wa ukoo wamekaa, Bartolomayo akasema, "Mimi nataka kompyuta ya kaka tu. Nyumba na mashine ya kukamulia alizeti abaki navyo shemeji."

"Kompyuta ni yangu, siyo ya kaka yako."

"Cha mke ni cha mume!"

"Haya. Rudia basi, wazee wasikie kwamba nyumba huidai."

Akarudia kwa sauti, huku ameshaikumbatia kompyuta.

Wiki haijaisha, huyo mlangoni, macho mekundu. Alikuwa amebahatisha nenosiri kwa jina la marehemu, la mama yao, hata majina ya mafahali wa baba yao, mmoja baada ya mwingine! Fundi akamwambia hakuna njia ila kuifuta yote.

"Shemeji, nipe nenosiri basi."

"Si ulisema ni ya kaka yako? Muulize yeye."

"Kaka si amekufa, shemeji!"

"Ee. Kwa kukosa gari."

Bartolomayo akanigeukia mimi, mkubwa wa watu, nimtetee. Nikameza chai yangu, nikamwomba akitoka afunge geti vizuri, mbuzi wasiingie.