Nilimuachilia Nyogokuru mu maji

Leo nimeachilia mugonjwa wangu mu pisini nikakimbia.

Ndiyo, mi kine wake, ule wa kumuzoezesha viungo! Nyogokuru Daforoza, ni bibi muzee, magoti yake yanamuuma sana. Nilikuwa namushika mikono, tunatembea pole pole, maji kifuani.

Pwaa! Kama bombe, inje kule.

Munajua na hii vita, mutu anakimbia kwanza, anauliza nyuma. Nilijikuta nimelala nyuma ya ukuta, nguo zinachuruzika maji.

Kumbe ni pine ya lori tu imepasuka.

Narudi, namukuta amesimama palepale, mikono bado ameinyoosha mbele.

Binti yake akakuja kumuchukua. "Mama, haukuogopa?"

"Apana. Kine alinishika mikono wakati wote."

Nyogokuru akaniangalia.

Mi nikakamua tu nguo zangu.

Ninyi mungesema ukweli?