Sakafu Iliyopigiwa Kinu

Mama Rozalia wa Kawajense ana nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha. Sakafu zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba ukifagia unazoa saruji nyingi kuliko uchafu. Mwaka huu shamba lake la mpunga kule Kibaoni lilimpa vizuri, akaamua kukarabati.

Mwanawe, Simon, alitaka taili. "Mama, tuweke taili, tupandishe kodi, tupate watu wa ofisini. Na kile kinu cha Joséline kitoke."

Joséline, mpangaji mwenzangu, hutwanga kisamvu na kukiuza sokoni. Mvua zikianza hutwangia chumbani, na kinu hicho ndicho kinachowalisha wanawe. Kodi ikipanda, au kinu kikikatazwa, itabidi ahame. Mimi ni mpangaji wa chumba cha pili, na nilisema mbele ya wote: ukarabati unaomfukuza mtu aliyevumilia vumbi miaka yote si ukarabati, ni uporaji uliopakwa rangi.

"Punguza moto, mwanangu," Mama Rozalia aliniambia. "Hapa hatuchagui kwa hotuba."

Akamwita fundi Benedikto. Uani, mbele ya milango yetu, fundi akatandika vipande vitatu vya sakafu, kila kimoja ukubwa wa mkeka: taili, zulia la plastiki, na saruji iliyopigwa niru nyekundu ya kulainisha uso wake. Saruji ilipokomaa, Mama akatangaza: "Jumamosi mtashinda hapa. Nyie ndio mnaoishi humo, nyie ndio mtachagua."

Ikawa sherehe. Jiko la mkaa likawekwa juu ya zulia, na kabla wali haujaiva zulia likajikunja kama jani lililotupwa motoni. Likatupwa nje huku watu wakilizomea.

Joséline akasogeza kinu kwenye taili. Alitwanga huku akiimba kwa Kirundi, mabega yakicheza, sisi tukimpigia makofi. Taili ikalia, ikaachia ufa.

"Huko ni kutwanga kwa chuki, dada!" Simon akalalamika. "Na niru nayo itwange hivyohivyo!"

"Kaka, kisamvu hakibembelezwi!"

Akaitwanga niru hivyohivyo. Ikabonyea kidogo. Benedikto akachota saruji kiganjani, akaziba. "Taili ikipasuka nitahangaika kutafuta ya rangi ileile. Hii dawa yake ni hii tu."

Simon hakukubali. "Lakini taili inasafishika! Tazameni!" Akamwaga maji, akapanda juu na viatu vyake vinavyong'aa. Miguu ikaondoka bila yeye. Akaketi ndani ya beseni la kisamvu.

Tulicheka mpaka Mama Rozalia akashika ukuta. Simon naye akacheka, kijani mpaka mfukoni. "Basi, niru! Lakini kodi je, Mama?"

Joséline alikuwa ameshika mchi kwa mikono miwili.

"Kodi ni ileile," Mama Rozalia akasema. "Na kinu ni cha nyumba hii. Nani atanitwangia mboga Joséline akihama?"

Vigelegele vya Joséline vilifika barabarani, nadhani hata watu wa mtaa wa Shanwe walivisikia. Alimkumbatia Mama, akamkumbatia fundi, akatukumbatia wote. Benedikto alipouliza aanze chumba kipi, tulijibu kwa pamoja, tukaanza kutoa vyombo vya Joséline nje. Godoro nililibeba mimi.

"Kinu acheni," Simon akasema, suruali bado inachuruzika. "Nitakitunza kwangu. Sakafu ikikauka, nitakirudisha mwenyewe."