Susu Yangu, Niliyemtoa Mfano Darasani

Kosa ni langu. Si la mwalimu, si la Mutisya, ni langu mimi mwenye mdomo huu. Nisikilize tu, usinihurumie.

Miaka ya sabini nilikuwa chuo cha ualimu huko Kitui. Tulizoea mwalimu anasoma, sisi tunaandika, basi. Huyu wa historia akatubadilishia mambo. Alipanga viti duara, akasema hatupi noti yoyote, tutajadiliana, na maksi zitatoka midomoni mwetu. Jamani, tulivyoogopa! Wiki za kwanza sikufungua mdomo, naye kila akinipita ananitania, "Wewe, historia ya kwenu imelala?"

Siku hiyo mada ilikuwa njaa za zamani Ukambani. "Toeni mifano ya nyumbani," akasema. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nikasema susu yangu, yaani nyanya mzaa baba, alitolewa na babake akiwa mtoto, njaa ilipozidi, akapewa watu wa mbali kwa gunia la mtama. Eti angekombolewa mvua ikinyesha. Hakuna aliyerudi kumchukua. Akalelewa huko, akaolewa kwetu Nunguni kama binti wa wale watu, na kijiji hakikujua lolote. Aliniambia mimi peke yangu tukichambua mbaazi, akanishika mkono: "Hii ni yangu na yako."

Darasa likachangamka! Mwalimu akapiga meza: "Sasa hiyo ndiyo historia!" Kifua kikanijaa. Sikumkumbuka hata kidogo Mutisya, kijana wa kijiji chetu, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya duara akisikiliza.

Likizo ilipofika Mutisya akamsimulia mamake. Hakuwa na ubaya, aliona ni somo tu. Mama naye akawaambia wenzake. Siku moja kisimani wakagombania zamu, na mmoja akamrukia susu mbele ya wote: "Wewe wa mtama, ngoja wenye kwao wachote kwanza!"

Mungu wangu! Susu aliacha mtungi pale pale akaenda zake. Hakurudi kisimani. Kanisani pia aliacha kwenda.

Niliposikia, nilimfuata jikoni. Nilimsalimu, hakuitikia. Aliniuliza tu, akiniita mwiitu, yaani msichana:

"Mwiitu, mimi nilipotolewa, ndugu zangu walikula mtama. Wewe umenitoa kwa nini?"

"Kwa maksi, susu."

"Na mmeshiba?"

Nilidhani nitalia, machozi hayakuja, na mpaka leo hayajaja. Hata sasa nasimulia kama habari ya mtu baki. Tangu hapo hakunisimulia tena chochote, hata vile visa vya sungura na fisi.

Alipofariki, familia ilinichagua mimi, mwalimu wa historia, nisome historia ya marehemu. Nikasimama mbele ya waombolezaji. Nilijua watoto wake na wajukuu wake. Jina la mama aliyemzaa sikulijua. Kwao hasa sikukujua. Nilikuwa nimepanga kumuuliza akishanisamehe! Nikasoma mistari michache, nikaketi.

Nyinyi mlio vyuoni, mkiambiwa mtoe mfano wa nyumbani, kwanza muulizeni mwenyewe kama anakubali kutolewa. Mimi sikuuliza. Maksi nilipata, tena nzuri sana.