Niliidekeza Injini Mpya, Athumani Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu, nami nalisema mapema kabla sijaanza kutafuta visababu, maana kwa visababu sina mpinzani. Niliiharibu jenereta ya boti ya kikundi chetu cha wavuvi, kisha nikanyamaza binamu yangu alipoitwa mwizi.

Natoka upande wa Majoreni. Nilirudi nyumbani na shahada ya uhandisi wa umeme na woga wa kutosha kijiji kizima. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kurudi kuujaribu, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba niliujaribu sawasawa. Mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa injini mpya! Eti kwa sababu amesoma.

Jenereta hiyo ilikuwa ya kuendesha friza mbili ndani ya boti, ili samaki wafike kwenye hoteli za Diani wakiwa wazuri. Athumani, mwana wa shangazi yangu, ndiye aliyetumwa Mombasa kuinunua. Aliileta ikiwa bado imo kwenye sanduku lake la mbao.

Kitabu cha maelezo kilisema wazi: injini ikiwa mpya, ipewe kazi ya maana tangu mwanzo, ili ringi za pistoni zipate kukaa vyema kwenye kuta za silinda. Isiachwe ikinguruma bure. Nilikisoma. Nikakielewa. Kisha nikaanza kuwaza, na hapo ndipo maafa yangu yote huanzia.

Je, kama waliandika kwa ajili ya nchi za baridi? Je, joto letu hili? Je, ikichemka tukiwa baharini? Nikaamua, mimi mwenye akili kuliko walioiunda, kwamba kazi ndogo ni salama zaidi. Kila siku niliiwasha ikaendesha balbu moja na chaji ya simu yangu. Friza zikakaa tupu, wavuvi wakaendelea kununua barafu.

"We msomi," nahodha Juma alinikejeli mbele ya watu, "hiyo ni mashine au biarusi? Mbona umeiweka fungate?"

"Yangoja kupakwa hina!" akadakia mwengine.

Wakacheka. Nami nikawajibu kwa sauti ya mhadhiri: "Ikiharibika mtamlaumu nani? Niacheni na kazi yangu." Mjinga mwenye cheti ni balaa kuliko mjinga mtupu!

Siku nilipokubali hatimaye iendeshe friza, ilitoa moshi wa buluu, ikadondosha mafuta meusi kwenye ekzosi, ikazimika tukiwa mbali na pwani. Tulirudi na nguru walioanza kunuka. Wakafukiwa mchangani, jasho la watu wazima wenye watoto!

Fundi akaja kutoka Mombasa. Alipoifungua tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Wenzangu walikuwa nje wakingoja.

"Kuta za silinda zimekuwa laini kama kioo," alisema. "Ringi hazikukaa. Hii mliipa kazi tangu mwanzo, au iliachwa ikizunguka bure?"

Nilijua jibu. Nililijua tangu moshi wa kwanza.

"Tuliipa kazi," nikasema.

"Basi haikuwa mpya; kuna aliyeizungusha bure kabla yenu. Mmeuziwa kuukuu iliyopakwa rangi." Akatoka nje akawaambia hilo la mwisho tu.

Na wenzangu nao! Walewale waliolipasua sanduku kwa mikono yao wakasahau papo hapo. Macho yote kwa Athumani.

"Kwa hiyo ulikula na muuzaji?" Juma akamuuliza.

Athumani akanigeukia mimi. "Ndugu yangu, wewe unayajua mambo haya. Waambie ilikuwa mpya."

Nikasema tungoje uchunguzi zaidi. Uchunguzi! Mchunguzi gani, na mharibifu ndiye mimi?

Injini ilitengenezwa. Silinda zilisuguliwa, ringi zikabadilishwa, na safari hii niliiwekea friza zote mbili siku ile ile ya kwanza. Inafanya kazi mpaka leo. Athumani hakungoja. Alivuka mpaka akaenda Tanga, na salamu zangu hazijibu.

Shangazi akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Kweli Athumani alitudhulumu?"

"Allahu aalam, shangazi," nikamjibu. Hebu nitazameni! Nikamtanguliza Mungu ili nijifiche nyuma yake.

Juzi nilikwenda nikamwambia kweli. Akasema: "Mimi nilijua sikuzaa mwizi. Kijiji ndicho kisichojua. Nenda kakiambie." Nilipoaga, aliitikia, lakini mkono hakunipa.

Kikundi kinakutana Ijumaa baada ya swala. Nimeshatunga hotuba tele, zote zaeleza ringi na silinda. Takataka tupu! Maneno yanayotakiwa ni machache: Athumani alinunua injini mpya, mimi nikaiharibu, nikamwacha akaitwa mwizi. Nayaandika kwanza hapa, mahali ambapo hakuna anionaye.

Ewe mwenye injini mpya, ipe kazi kama kitabu kisemavyo, wala usijifanye unaihurumia. Na ikiharibika mikononi mwako, sema siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado ana spana mkononi. Ukichelewa, utakuta injini imepona, na mtu ameshahama.